Mgonjwa Yuko Wapi, na Yuko Hapo Tangu Saa Ngapi?

Mwezi Januari mwaka 2022 jarida la madaktari wa dharura la Uingereza, Emergency Medicine Journal, lilitoa utafiti uliopekua kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni tano waliolazwa kupitia idara za dharura za England kati ya Aprili 2016 na Machi 2018. Watafiti hao hawakuchunguza dawa wala upasuaji. Walitaka kujua jambo moja: tangu mgonjwa afike hospitalini hadi aondoke idara ya dharura kwenda kulazwa, ulipita muda gani, na je, siku 30 baadaye alikuwa hai? Walikuta kwamba muda huo ukishapita saa tano, vifo huanza kupanda, na huendelea kupanda kadiri kusubiri kunavyorefuka. Kwa kila wagonjwa 82 waliocheleweshwa hadi kati ya saa sita na saa nane, kulikuwa na kifo kimoja cha ziada. Hawa si watu waliokosa gari la kuwafikisha hospitali. Walikuwa wamefika, wameandikishwa, wameonwa na daktari, na ilikuwa imeamuliwa kwamba walazwe. Kilichobaki ni kuvuka ukumbi na kupanda lifti.

Safari hiyo fupi ndiyo inayowaleta wauzaji wa mitambo kwenye milango ya hospitali, mkononi wakiwa na mfumo wa kufuatilia mahali alipo mgonjwa dakika kwa dakika. Mgonjwa akifika mapokezi huvalishwa bangili yenye kidude kidogo cha kielektroniki. Kidude kama hicho hubandikwa kwenye machela, kwenye kiti cha magurudumu, kwenye pampu ya dripu, na katika hospitali nyingine muuguzi na daktari nao huning'iniza cha kwao shingoni. Darini na milangoni hufungwa vipokezi, na kwenye skrini iliyo kituo cha wauguzi huonekana ramani ya jengo: huyu yuko chumba cha eksirei, yule bado yuko juu ya machela ukumbini, na ile mashine ya kufuatilia mapigo ya moyo iliyotafutwa tangu asubuhi iko stoo ya wodi ya watoto. Vidude vyenyewe havifanani. Vile vya bei rahisi havina betri, na husomwa tu vinapopita karibu na mlango wenye antena. Vinavyotegemea Wi-Fi vinaweza kukosea kwa mita kadhaa, na mita kadhaa ndani ya hospitali si jambo dogo, kwa kuwa zinaweza kumweka mgonjwa chumba cha jirani au hata ghorofa nyingine. Vya miale ya infraredi havipenyi ukuta, kwa hiyo vinajua chumba kwa uhakika, ila idara ya dharura mara nyingi haina vyumba. Ina vitanda vilivyotenganishwa kwa mapazia, na shuka ikifunika bangili kipokezi hakioni kitu. Vipo pia vya mawimbi mapana ya redio, ambavyo hukosea kwa makumi ya sentimita tu, navyo bei yake hupanda pamoja na usahihi wake.

Hoja yangu leo ni kwamba mfumo huu haumsogezi mgonjwa hata hatua moja, na anayeununua akidhani utamsogeza atajuta. Thamani yake iko kwenye saa. Unaandika muda wa kila tukio bila kumwomba mtu auandike, na kwa hiyo unaonyesha msongamano umeanzia wapi na uko mikononi mwa nani. Hospitali iliyo tayari kuambiwa hilo itanufaika hata kwa kifaa cha bei ndogo. Isiyo tayari, hata ikifunga antena darini kote, itakuwa imenunua ramani ya watu wanaosubiri.

Kwa nini saa iwe na uzito huo? Turudi England, maana hakuna mahali palipojifunza somo hili kwa gharama kubwa zaidi. Mpango wa afya wa mwaka 2000 uliamuru kwamba mgonjwa asikae idara ya dharura zaidi ya saa nne kabla hajalazwa, kuhamishwa au kuruhusiwa. Kufikia katikati ya muongo ule kiwango kilikuwa wagonjwa 98 katika kila 100. Mwaka 2010 kikashushwa hadi 95. Lengo lilisaidia, hilo nalikiri, kwa sababu wakuu wa hospitali walianza kuitazama idara waliyokuwa wameisahau. Lakini watafiti walipochora grafu ya muda ambao wagonjwa waliondoka, waliona jambo la ajabu: kundi kubwa la wagonjwa lilikuwa likiondoka katika dakika za mwisho kabisa kabla ya saa nne kutimia. Ugonjwa haujui saa nne. Aliyejua ni mtu aliyekuwa akipimwa kwa saa hiyo. Wagonjwa walisukumwa kwenda wodi yoyote iliyokuwa na nafasi au kwenye vitengo vya uangalizi ambako, kwa mujibu wa karatasi, saa ilikuwa imesimama. Kwa miaka mingi pia hesabu rasmi ya waliosubiri zaidi ya saa 12 ilianzia pale daktari alipoamua mgonjwa alazwe, wala si pale mgonjwa alipoingia mlangoni. Mwaka 2023 ndipo takwimu za kila mwezi zilipoanza kutolewa kuanzia muda wa kufika, na idadi ya waliosubiri zaidi ya saa 12 ikaonekana kuwa zaidi ya mara mbili ya ile iliyozoeleka kutangazwa. Hospitali zilikuwa zilezile na wagonjwa walewale. Kilichobadilika ni mahali ambapo saa ilianza kuhesabu.

Sasa, kidude kinachosomwa mlangoni hakina cheo cha kulinda. Kinaandika kwamba bangili hii iliingia saa mbili na dakika kumi asubuhi na kwamba saa tisa alasiri bado ilikuwa ukumbi uleule. Muuguzi mwenye wagonjwa kumi na watano hahitaji kukumbuka usiku kujaza daftari kwa kukadiria. Na hapa ndipo matokeo huanza kuwakera wakubwa, kwa sababu mara nyingi saa hiyo huonyesha kwamba idara ya dharura si mahali tatizo lilipo.

Mwaka 2003 daktari Brent Asplin na wenzake wa Marekani walipendekeza msongamano wa idara ya dharura utazamwe katika sehemu tatu: wanaoingia, wanavyohudumiwa ndani, na wanavyotoka. Mgawanyo huo umebaki kuwa msingi wa mjadala hadi leo, na ushahidi mwingi uliokusanywa tangu wakati huo unaelekeza kidole kwenye sehemu ya tatu. Mgonjwa haondoki kwa sababu juu hakuna kitanda. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1999, watafiti wa Uingereza walikuwa wametumia hesabu kuonyesha katika jarida la BMJ kwamba hospitali ambayo vitanda vyake vimejaa kwa wastani wa zaidi ya asilimia 85 huanza kukumbana na siku za kukosa nafasi, na ikizidi asilimia 90 uhaba huwa jambo la mara kwa mara. Wagonjwa wa dharura hawaji kwa ratiba, na hospitali isiyo na vitanda vichache vitupu haina pa kupokea ziada ya siku mbaya. Tukisikia asilimia 85, sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kutabasamu kwa uchungu. Katika wodi ambayo wagonjwa wawili hulala kitanda kimoja, asilimia hiyo ilipitwa zamani.

Kuna kanuni moja ya foleni ambayo John Little wa Marekani aliithibitisha mwaka 1961, nayo haihitaji zaidi ya kuzidisha. Idadi ya watu waliomo ndani ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa saa mara muda ambao kila mmoja hukaa. Tuchukue idara inayopokea wagonjwa kumi kwa saa, na kila mmoja akakaa kwa wastani wa saa sita. Wakati wowote utakaochungulia utakuta wagonjwa 60. Punguza kukaa kwao hadi saa tano, wanabaki 50. Nafasi kumi zimepatikana bila kujenga ukuta, bila kununua kitanda, bila kuajiri. Ndiyo maana saa moja inayopotea katika safari ya mgonjwa si suala la usumbufu tu, na ndiyo maana inafaa kujua imepotea wapi hasa.

Mara nyingi imepotea wodini, na tuiangalie kwa karibu. Daktari anapita wodini na kumwandikia mgonjwa ruhusa saa nne asubuhi. Katika akili ya daktari, kitanda kile kimeshakuwa wazi. Faili linakwenda kwa mhasibu. Mhasibu anasubiri bei ya vipimo kutoka maabara. Ndugu wa mgonjwa anapewa namba ya malipo, anatoka kutafuta wakala wa fedha za simu, anarudi na kukuta dirisha limefungwa kwa chakula cha mchana. Dawa za kuondokea hazijatoka famasi. Mgonjwa amekaa ukingoni mwa kitanda amevaa nguo zake za nyumbani, mfuko wa rambo miguuni, akisubiri. Saa kumi jioni anaondoka. Saa kumi na moja shuka zinabadilishwa. Saa kumi na mbili zamu inabadilika, na muuguzi wa usiku hajaambiwa kwamba kitanda namba nane ni kitupu. Chini, katika idara ya dharura, mtu mwenye nimonia amekuwa juu ya machela muda wote huo, na machela ile ndiyo iliyokosekana kumshusha mwingine kwenye ambulensi. Hakuna hata mmoja katika mlolongo huo aliyezembea. Kila mtu alifanya kazi yake kwa zamu yake. Ila hakuna aliyekuwa akiona saa nane zote kwa pamoja.

Huku kwetu mlango wa kutokea una kufuli nyingine, nayo ni deni. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kuwazuilia akina mama wawili katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwa sababu hawakuwa na fedha za kulipa kulikiuka haki zao za kikatiba. Kesi ile ilizungumzwa kama suala la utu, na ilistahili. Lakini ni suala la foleni pia. Mgonjwa aliyepona na kuzuiliwa wiki nzima kwa deni anakalia kitanda ambacho kingepokea wengine kadhaa waliokwama chini. Bangili yake, kama angekuwa nayo, ingeonyesha siku baada ya siku kwamba yuko wodini baada ya kuruhusiwa, na mkurugenzi angelazimika kujiuliza kama deni lile lina thamani kuliko kitanda kile. Ni swali ambalo leo halimfikii mezani kwa sababu hakuna anayelihesabu.

Nimesema mfumo haumsogezi mgonjwa. Anayemsogeza ni mtu mwenye mamlaka, na ushahidi wa hilo uko pande zote mbili. Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, ilifungua Februari 2016 chumba kimoja ambamo wasimamizi wa vitanda, wapangaji wa usafiri wa wagonjwa na wahusika wengine waliokuwa wametawanyika jengo zima waliwekwa pamoja mbele ya skrini zinazoonyesha hali ya hospitali kwa wakati uleule. Hospitali yenyewe ilitangaza kwamba mgonjwa wa dharura alianza kupangiwa kitanda kwa kasi iliyoongezeka kwa asilimia 30. Ni takwimu ya mwenye mali, kwa hiyo tuipokee kwa tahadhari, lakini haishangazi: watu waliokuwa wakipigiana simu sasa waligeuziana viti. Upande wa pili, hospitali kuu ya Bradford, England, ilifungua chumba cha namna hiyo mwaka 2019. Watafiti waliofuatilia takwimu zake kabla na baada hawakupata ushahidi wa wazi kwamba chumba hicho chenyewe kiliboresha usalama wa wagonjwa au kasi ya safari yao. Kwangu mimi mifano hii haipingani. Inaonyesha kwamba skrini inaweza kuwepo na kazi ikabaki ileile, kama hakuna aliyepewa ruhusa ya kupiga simu wodini saa tano asubuhi na kusema, kitanda namba nane naomba kiwe tayari saa sita, na akasikilizwa.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu ni wa nchi tajiri. Sikubaliani, na nitaeleza kwa nini. Idara ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa Januari 2010 kwa msaada wa Abbott Fund, na mwaka huohuo mafunzo ya ubingwa wa tiba ya dharura yakaanza katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Katika nchi nyingi za Afrika sasa wagonjwa hupangwa kwa rangi kulingana na uzito wa hali zao, kwa utaratibu ulioanza kutungwa Cape Town mwaka 2004: nyekundu asisubiri hata kidogo, kijani anaweza kusubiri. Yaani tumeshafanya kazi kubwa kwenye mlango wa kuingilia. Mlango wa kutokea ndio uliobaki vilevile. Kenya ilikwenda mbali zaidi na kuandika katika Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Miaka mitano baadaye, Oktoba 2015, mtu aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi akizungushwa Nairobi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na akafariki. Katiba ilikuwepo, ambulensi ilikuwepo, mhudumu wa ambulensi alikuwa naye. Kilichokosekana ni kitanda, na pia mtu yeyote aliyeweza kusema kwa uhakika wakati ule kitanda kitupu kiko hospitali gani.

Tena huku kwetu tunaujua mfumo wa mahali kuliko tunavyodhani, ila tunautumia nje ya hospitali. Tanzania ina mpango wa m-mama, uliojaribiwa kwanza kanda ya Ziwa na kuanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022. Mama mjamzito mwenye dharura, au mhudumu wa zahanati, hupiga 115 bila malipo. Mratibu anauliza maswali, anapima uzito wa hali, anachagua ambulensi au, ikikosekana, dereva wa jamii aliye karibu ambaye hulipwa kwa simu, na anaelekeza mama apelekwe kituo kipi. Kiini cha mpango huo ni kwamba yupo mtu mmoja anayejua nani yuko wapi na ana mamlaka ya kuamua. Halafu mama anafika lango la hospitali na ujuzi wote ule unakatika. Kuanzia langoni hadi wodini tunarudi kwenye kuulizana ukumbini.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha, nalo lina haki ya kujibiwa kwa heshima. Hospitali isiyo na glovu za kutosha ina kazi gani na vipokezi darini? Jibu langu ni kwamba isinunue vipokezi darini. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitoa utafiti ambao kila mkurugenzi wa hospitali ya umma angepaswa kuusikia. Hawakumvalisha mgonjwa hata mmoja bangili ya kielektroniki. Walichukua nyakati za kuingia na kutoka kila sehemu zilizokuwa tayari kwenye mafaili ya kompyuta, za wagonjwa zaidi ya 86,000 kwa miaka mitatu, wakafuatilia nani alipita mahali ambapo mgonjwa mwenye bakteria wa kuharisha aitwaye C. difficile alikuwa amepita ndani ya saa 24. Kati ya sehemu zote za hospitali, moja ilijitokeza: mashine ya CT-scan ya idara ya dharura. Walipofuatilia wakakuta inasafishwa kwa utaratibu tofauti na mashine nyingine za hospitali ileile. Nyakati zile zilikuwa zimelala kwenye kompyuta miaka yote hiyo, na hazikuhitaji kununuliwa.

Hospitali nyingi za umma Tanzania zina mfumo wa kompyuta wa GoT-HoMIS, ambamo mgonjwa husajiliwa, huandikiwa vipimo na kulipishwa. Kila hatua hiyo ina muda wake. Kwa kuanzia zinatosha nyakati tano zilizo za kweli: alipofika, alipopangiwa rangi, alipoonwa na daktari, ilipoamuliwa alazwe, na alipolala kitandani wodini. Tatu za kati zinaweza kutoka kwenye kompyuta. Ya kwanza na ya mwisho ndizo zinazoelekea kudanganya, maana huandikwa baadaye na mtu mwenye haraka, na hapo ndipo kibandiko kisicho na betri na antena mbili, moja mlango wa dharura na nyingine mlango wa wodi, vinastahili gharama yake. Nikipewa fedha kidogo zaidi ningebandika vifaa kabla ya watu: viti vya magurudumu, mashine za kufuatilia mapigo ya moyo, regulata za mitungi ya oksijeni. Vitu hivi hutangatanga wodini, hufichwa na wodi zinazoogopa kuvikosa kesho, kisha hununuliwa vingine. Na ikumbukwe kwamba umeme hukatika: mfumo ambao ukizima taa unamwacha muuguzi bila orodha ya wagonjwa wake ni hatari kuliko ubao wa chaki, kwa hiyo ubao ubaki ukutani.

Pingamizi la pili linatoka kwa wauguzi, na naliona la msingi. Jill Fisher na Torin Monahan, watafiti wa Marekani waliochunguza mifumo hii katika hospitali 23 na kutoa matokeo yao mwaka 2012, walikuta mingi ikifanya kazi chini ya ahadi za wauzaji. Na katika kazi yao ya awali walikuwa wameonyesha jinsi wauguzi wanavyohisi wanachungwa pale wanapovalishwa vidude. Muuguzi akijua kwamba dakika zake za msalani zinahesabiwa, beji itasahaulika kwenye droo, na takwimu za idara nzima zitaharibika pamoja nayo. Mimi nasema wafanyakazi wasivalishwe. Ninajua nitajibiwa kwa mfano wa Mayo Clinic: mwaka 2017 madaktari wake walieleza jinsi walivyotumia vidude vya idara ya dharura kutafuta waliokaribiana na mgonjwa wa kifaduro, wakapata watu walioweza kuambukizwa mara mbili ya wale waliopatikana kwa kupekua mafaili ya kompyuta. Ni faida ya kweli, na kwa nchi zinazopambana na Ebola na Marburg haiwezi kupuuzwa. Lakini faida hiyo inahitaji kumbukumbu zilizofungwa, zinazofunguliwa na timu ya kudhibiti maambukizi pekee siku ya mlipuko, zisizofika kamwe kwa ofisa utumishi. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mahali alipo mgonjwa ni taarifa ya afya yake: anayeonekana kwenye skrini akiwa kliniki ya kifua kikuu ameshatangaziwa ugonjwa wake kwa kila anayepita. Skrini ya ukumbini ionyeshe namba, isionyeshe majina, na historia ya mizunguko ya mgonjwa ifutwe ikishatoa wastani wake na muda wa kufuatilia maambukizi ukiisha.

Liko jingine ambalo wauzaji hulitaja haraka haraka au hawalitaji kabisa. Mwaka 2008 jarida la JAMA lilichapisha majaribio yaliyofanywa Amsterdam, ambako vifaa 41 vya tiba vya wagonjwa mahututi viliwekwa karibu na visomeo vya mawimbi ya redio. Katika majaribio 123 yalitokea matukio 34 ya vifaa kuvurugika, na 22 kati yake yalihesabiwa kuwa ya hatari, yakiwemo ya mashine za kupumulia na pampu za dawa kuacha kufanya kazi. Hakukuwa na mgonjwa aliyeunganishwa, na teknolojia imebadilika tangu wakati huo. Hata hivyo vifaa vyetu vingi ni vya msaada, vya umri mkubwa, vya chapa kumi tofauti katika chumba kimoja. Fundi wa vifaa tiba wa hospitali apime mwenyewe, kifaa kwa kifaa, kabla antena haijawashwa. Cheti cha kiwandani hakitoshi.

Na je, saa hii mpya nayo haitachezewa? Itachezewa. Mahali si huduma. Bangili iliyo ndani ya chumba cha CT-scan haisemi kama mgonjwa amepigwa picha au anasubiri umeme urudi. Hospitali inayotaka sifa inaweza kuupa ukumbi jina la wodi na mgonjwa akahesabiwa kuwa amelazwa huku yuko juu ya machela ileile. Kinga pekee ninayoiona ni kwamba takwimu zitolewe hadharani zikianzia mlango wa kuingilia, na zisitumike kumkata mtu mshahara bali kumuuliza mkurugenzi wa hospitali nzima, wala si mkuu wa idara ya dharura, kwa nini watu hawakupanda juu.

Kwa hiyo bodi ya hospitali ikiletewa mfumo huu na muuzaji mwenye picha nzuri, imsikilize, kisha imgeukie mkurugenzi wake na kumuuliza swali moja kabla ya kusaini chochote: skrini ikionyesha saa nane usiku kwamba wagonjwa sita wamekaa dharura zaidi ya saa tano, ni nani atakayepigiwa simu, na ana mamlaka gani juu ya vitanda vya wodi ambazo si zake? Ikiwa kuna jina, na mwenye jina hilo anajua kwamba ni kazi yake, mfumo ununuliwe, uanze na milango miwili. Ikiwa hakuna jina, fedha hizo zinunue machela.